Mkono wa Bibi ulipochoka: Wiki moja Tanga na mizani ya jikoni

Tanga. Konda aliinua mkoba wangu ili auweke juu, akautikisa kidogo na kuuliza, “Dada, humu kuna nini, mbona kama kioo?” Nikamwambia ni mizani. Akacheka. “Unakwenda kupima karafuu?” Nikamjibu nakwenda kupima chumvi ya bibi yangu. Abiria wa kiti cha mbele akageuka kunitazama, nami nikaona ni heri ninyamaze na kumfunga vizuri kanga binti yangu wa miaka mitatu aliyekuwa amelala mapajani.

Sikuwa natania. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 74, anaishi Ngamiani. Mwaka jana alipata kiharusi. Mungu alimnusuru. Anatembea, anazungumza, na bado anakumbuka deni la kila mtu mtaani. Kilichobaki ni mkono wa kulia ambao umelegea, hauwezi kushika hata mwiko kwa muda mrefu. Mkono huo ndio uliokuwa kipimo cha nyumba nzima. Wali, mchuzi wa samaki, mkate wa kumimina wa Ramadhani, vyote vilitoka mle.

Mama Mdogo ndiye anayempikia sasa. Wiki moja kabla ya safari alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyechoka. “Njoo mwenyewe uone. Nikitia chumvi kidogo hali, anasema nampa chakula cha hospitali. Nikitia ya kawaida, zahanati wananigombeza kwamba presha haishuki. Na ule mkate wake tumeujaribu mara nne. Wote umeharibika.”

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kwa miaka mitano nimekuwa nikiwaandikia wazazi sentensi ileile: punguza chumvi. Simu ile ilinifanya nijiulize, apunguze kutoka ngapi hadi ngapi? Kama mtu hajui anatia kiasi gani, anapunguza nini? Nikaomba likizo ya wiki moja, nikaenda Kariakoo, nikanunua mizani ndogo ya jikoni kwa Sh20,000, nikapanda basi Mbezi.

Njia nzima ni vipimo

Ukiwa na mizani mkobani, unaanza kuona vipimo kila mahali. Tulipovuka Mto Wami na kuanza kuitafuta Segera, wauzaji walikimbilia madirishani kila basi liliposimama. Korosho zilipimwa kwa kikombe cha plastiki, karanga kwa kifuniko cha chupa. Muheza, machungwa yalipangwa kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ulitegemea muuzaji amekusoma vipi usoni.

Siku iliyofuata asubuhi nilikwenda soko la Mgandini kununua mchele na nazi. Kuna mzee mmoja anayeuza nafaka, mbele yake kuna mizani na pembeni kuna makopo ya kupimia. Nikamuuliza kipi anakiamini. “Kilo ni kilo,” alisema, “lakini kopo lina mkono wa mtu.” Akanionyesha: akajaza kopo taratibu, likawa sawa na ukingo. Akalijaza tena kwa kuligonga mezani mara tatu na kuongeza kilima juu. Kopo lilelile, mzigo tofauti. Ndiyo maana nchi ina Wakala wa Vipimo wa kukagua mizani za biashara, na ndiyo maana wakulima wamelalamika kwa miaka mingi juu ya lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kiasi.

Pwani hatukuwa watu wasiopima. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hadi leo ikifika siku ya kutoa zaka ya fitri, watu wanauliza pishi ni kilo ngapi, na wengi wanatoa kilo mbili na nusu hivi za mchele au unga. Methali ya haba na haba hujaza kibaba kila mtoto wa shule anaijua. Ukimuuliza kibaba chenyewe kinajaa vipi, hana jibu. Tumebaki na methali, kipimo tumekipoteza.

Vikombe vitatu mezani

Nilifika nyumbani Ijumaa magharibi. Shikamoo zikaisha, chai ikanywewa, Bibi akamkagua mtukuu wake kuanzia nywele hadi kucha. Ndipo nikatoa mizani. Akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja bila kuitwa.

“Hiyo ndiyo itakayonipikia?”

“Hapana, Bibi. Hii inaandika tu wewe unavyopika.”

“Mimi sipiki tena,” akasema, akageukia dirisha.

Sikuwa na la kusema. Nikamwachia dada yake mkubwa, yaani ukimya, afanye kazi yake.

Baadaye usiku nilimwomba Mama Mdogo anipe vikombe vyote anavyotumia kupimia. Akaleta vitatu: kikombe kikubwa cha bati, bilauri ya kioo na kikombe cha plastiki cha watoto. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mizani inaweza kukwambia ujazo wa chombo chochote. Nikaweka kila kimoja juu ya mizani, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nikajaza maji. Kile cha bati kilibeba gramu 310, cha plastiki 240, bilauri 190.

Mama Mdogo alivitazama vile vikombe kwa muda. “Na vyote naviita kikombe,” akasema.

Tatizo hili haliko Ngamiani peke yake. Mapishi mengi tunayosoma kwenye simu yanatoka nchi tofauti, na kila nchi ina kikombe chake. Cha Marekani ni kama mililita 240, cha nchi nyingi zinazofuata mfumo wa metriki ni 250, cha Japani ni 200. Kijiko kikubwa ni mililita 15 sehemu nyingi, lakini Australia ni 20. Mwaka 1896 mwalimu wa upishi wa Boston, Fannie Farmer, alitoa kitabu kilichosisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Aliona kwamba neno “kijiko” bila kusema kimesawazishwa au kimejaa kilima halimsaidii mpishi.

Hata ukiwa na kikombe kimoja, kinachomo ndani hakina uzito sawa. Kikombe cha mililita 250 cha maji ni gramu 250. Cha mchele ni kama 200, cha sukari hukaribia hapo au huzidi kidogo. Unga wa ngano ndio msumbufu. Ukiumwaga kwa wepesi unaweza kupata gramu 125, ukiuchota na kuushindilia ukafika 150. Ukipika maandazi kwa vikombe vinne, tofauti hiyo ni gramu 100. Leo yanakuwa laini, kesho unaambiwa mawe.

Chumvi ya siku tatu

Kazi ya kwanza ilikuwa chumvi. Sikutaka kumfundisha mtu kitu kabla ya kujua hali ilivyo. Kwa hiyo Ijumaa ile usiku nilipima kopo la chumvi likiwa na kifuniko chake. Gramu 806. Nikamwomba Mama Mdogo apike kama anavyopika siku zote, asinihurumie.

Tulikuwa watu saba: wakubwa wanne na watoto watatu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu tukala wali wa nazi, mchuzi wa changu, maharage, mchicha, ugali na dagaa. Jumatatu usiku nikapima tena. Gramu 596.

Hesabu ni ya darasa la nne. Zimetumika gramu 210 kwa siku tatu, yaani 70 kwa siku. Gawa kwa watu saba, unapata gramu 10 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto ale pungufu ya hapo. Tulikuwa tunakula mara mbili. Na watoto hawali sahani sawa na wakubwa, hivyo mtu mzima alikuwa anapata zaidi ya hizo 10.

Mizani haikuona kila kitu. Haikuona vile vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Haikuona chumvi ya samaki mkavu wala ya mkate wa dukani. Na haikuona kijikopo kidogo ambacho Bibi alikuwa nacho chini ya mto, alichokuwa akinyunyizia chakula kila Mama Mdogo alipogeuka. Hicho kiligunduliwa na binti yangu, aliyekileta sebuleni akilamba kidole.

Hakuna aliyemgombeza. Bibi mwenyewe alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akawa kimya. “Chakula hakina ladha,” akasema. “Nimepoteza mkono, nipoteze na mdomo?”

Sentensi hiyo ilinichoma. Katika makala zangu zote za presha sikuwahi kuandika kwamba chumvi ni jambo la heshima pia. Mtu aliyelisha familia miaka 50 anawekewa mbele chakula kisichokolea, anaambiwa ni kwa faida yake.

Tukakubaliana mambo matatu. La kwanza, vidonge vya kukolezea vinatoka jikoni. La pili, kila asubuhi Mama Mdogo atapima chumvi ya siku nzima ya nyumba nzima, aitie kwenye kikopo kidogo, na kopo kubwa lipande kabatini. Ikiisha, imeisha hadi kesho. La tatu, hatutashuka kwa kishindo. Kutoka gramu 70 tungeanza na 50 kwa siku mbili, kisha 40, na baada ya wiki mbili 30. Ulimi huzoea polepole. Ukiukata ghafla, mgonjwa anatafuta kikopo cha chini ya mto.

Na Bibi akapewa kazi. Kikopo kile kinakaa kwake. Anayepika anakwenda kumwomba, na yeye ndiye anayesema wali upewe ngapi na mchuzi ngapi. Siku ya kwanza alikuwa bahili kuliko muuza duka. Mchuzi wa samaki ulipikwa kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi, chumvi ikatiwa mwisho kabisa. Baba Mdogo alionja na kuuliza, “Leo mmebadilisha samaki?” Hakuuliza chumvi.

Niseme neno kuhusu chumvi yenyewe. Mwambao wa Tanga una mashamba ya chumvi, na chumvi ya mawe inapendwa. Chembe zake kubwa huacha nafasi katikati, hivyo kijiko chake kina uzito mdogo kuliko kijiko cha chumvi laini. Ukibadilisha aina ya chumvi huku ukitumia kijiko kilekile, umebadilisha kipimo bila kujua. Vyovyote utakavyochagua, angalia pakiti iwe imeandikwa ina madini joto, kwa sababu watoto na wajawazito wanayahitaji.

Mkate uliokataa kumiminika

Sasa mkate. Kwa wasioufahamu, mkate wa kumimina unatengenezwa kwa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa hamira, hiliki na sukari, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria ya moto yenye mafuta kidogo na kupaliwa mkaa chini na juu. Ukikubali, unakuwa na vitundu vidogo ndani na rangi ya dhahabu juu. Ukikataa, unakuwa tofali.

Jumapili nilimwomba Mama Mdogo aupike kama alivyokuwa akiupika mara zile nne, mimi nikiandika uzito wa kila kitu. Maelezo ya Bibi aliyokuwa akiyafuata yalikuwa haya: mchele vikombe viwili, tui kikombe kimoja na nusu kasoro kidogo, hamira kijiko, sukari robo tatu ya kikombe.

Akapima mchele kwa kikombe cha bati. Gramu 500 karibu kamili. Akapima tui kwa bilauri, kwa sababu ndiyo aliyoizoea kwa vitu vya majimaji. Mililita 285. Uji ulikuwa mzito hivi kwamba ilibidi ausukume kwa mwiko kuuingiza sufuriani. Mkate wa kumimina uliokataa kumiminika. Ulitoka mgumu, mweupe katikati.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, akitazama. “Kikombe gani hicho?” akauliza.

“Cha kupimia, mama.”

“Cha kupimia nini? Changu kiko wapi?”

Mama Mdogo akanyamaza, kisha akaenda chumbani. Akarudi na kikombe cheupe chenye maua ya bluu, kimevunjika kishikio. Tangu kilipovunjika, kimekuwa cha kutilia pini na vifungo. Tukamwaga pini, tukakiosha, tukakipima. Gramu 248 za maji.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote tumekuwa tukisema Bibi anapika kwa makadirio. Si kweli. Alikuwa na kikombe kimoja, hakukibadilisha kwa miaka mingi, na alikitumia kwa mchele, kwa tui na kwa sukari. Hicho ni kipimo. Sisi ndio tuliokuja na vikombe vitatu tukaviita kwa jina moja.

Jumanne tukarudia kwa kikombe chake. Mchele ulifika gramu 400, tui mililita 350. Uji ukamiminika vizuri. Lakini uliumuka ukapita kiasi, ukashuka wenyewe kabla ya kupikwa, na mkate ukatoa harufu ya uchachu. Bibi akauliza hamira ilitiwa kiasi gani. Kijiko, tulisema. Akaomba akione. Mama Mdogo akamwonyesha kijiko cha chakula kilichojaa.

“Cha chai,” akasema Bibi. “Na hukukata?”

“Kukata nini?”

Bibi akachukua kijiko cha chai kwa mkono wa kushoto, akakichovya kwenye hamira, kikatoka na kilima. Mkono wa kulia ukanyanyuka taratibu, unatetemeka, ukishika kisu cha mezani. Ilimchukua muda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, kilima kikaanguka, kikabaki kijiko sawasawa.

“Hivyo,” akasema. “Mbona mimi nilikuwa nakata kila siku, hamkuwa mnaona?”

Hatukuwa tunaona. Tulikuwa tunasubiri mkate.

Alhamisi mkate ulitoka. Nakupa hesabu yake, mzazi mwenzangu, kwa ruhusa ya mwenyewe: mchele gramu 400 uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa vizuri, tui la kwanza mililita 350, hamira kijiko cha chai 1 kilichokatwa kwa kisu, hiliki ya unga nusu kijiko cha chai, ute wa yai 1 na sukari gramu 150. Saga mchele na tui hadi usisikie chenga ukisugua kwa vidole, tia hamira na hiliki, funika hadi uumuke mara mbili. Halafu tia sukari na ute, koroga taratibu, acha kidogo, mimina kwenye sufuria ya moto. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini.

Tui ndilo lenye hila, kwa kuwa nazi hazilingani. Usipime kwa idadi ya nazi. Kuna, kamua, chuja, kisha pima tui lenyewe.

Kipimo kina faida nyingine. Tuliukata mkate vipande 10, kwa hiyo kila kimoja kina gramu 15 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Kipande kimoja na chai isiyo na sukari, umebaki salama. Vipande vitatu na chai ya vijiko vitatu, umepita. Bila kupima, ningekwambia tu “kula kwa kiasi”, na wewe ungesema unakula kwa kiasi.

Pale ambapo makadirio yanaweza kuumiza

Jumatano usiku mtoto mdogo wa Mama Mdogo, wa miaka miwili, alianza kuharisha. Duka la dawa lilikuwa limefungwa. Mama Mdogo akafanya kile alichofundishwa siku nyingi, akachanganya maji, sukari na chumvi. Lakini alitia chumvi kwa kiganja, kama anayetia kwenye sufuria ya maharage. Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu.

Mkate ukiharibika, unawapa kuku. Maji ya chumvi na sukari yakiharibika yanaweza kumdhuru mtoto, kwa sababu chumvi ikizidi inazidisha hatari badala ya kuipunguza. Kipimo cha nyumbani, kwa dharura tu unapokosa pakiti, ni hiki: maji safi na salama lita 1 kamili, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Basi. Onja kabla ya kumpa. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe.

Kulipokucha tukanunua pakiti za ORS. Hizo ndizo bora, ila nazo zinataka kipimo. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu kuna za lita 1 na kuna za ujazo mdogo. Usigawe pakiti nusu kwa macho. Kituo cha afya walimpa na vidonge vya zinki, mtoto akaendelea kula na kunywa, kufikia jioni alikuwa anamfukuza binti yangu uani. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani au choo kikiwa na damu, usikae nyumbani kupima sukari. Nenda hospitali.

Kama huna mizani

Si lazima ununue mizani. Chupa ya maji ya dukani imeandikwa ujazo wake. Chukua ya nusu lita iliyojaa, mimina kwenye kikombe ulichokichagua hadi chupa ibaki nusu, kisha weka alama ya rangi ya kucha kwa nje maji yalipofika. Hapo umepata kipimo cha mililita 250. Chupa ya lita 1 ni ya kupimia maji ya ORS na ya uji.

Kijiko kinachokuja na dawa ya maji ya watoto mara nyingi kina alama ya mililita 5. Tumia maji kulinganisha na kijiko chako cha chai, utajua kama chako ni kikubwa au kidogo. Vijiko vya mezani havilingani, hivyo usipime dawa ya mtoto kwa kijiko cha jikoni hata siku moja.

Kisha chagua kikombe kimoja na kijiko kimoja, viwe vya kupimia tu, watoto wasivitumie kunywea chai. Kata kwa kisu. Unga uchote kwa wepesi, usishindilie. Chakula kikitoka vizuri, andika hapohapo kwenye simu yako: kiasi gani, moto gani, dakika ngapi. Na pima kopo lako la chumvi Jumatatu na Jumapili. Pakiti mpya ya nusu kilo pia inakutosha, andika tarehe uliyoifungua na tarehe iliyoisha, ugawe kwa siku na kwa watu. Namba utakayoipata inaweza kukushtua kama ilivyonishtua.

Niliondoka Ijumaa asubuhi. Mizani niliiacha. Bibi alinisindikiza hadi barazani, akanipa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye gazeti na kuniambia nisikile chote, nimpelekee mama yangu Dar es Salaam. Kikombe cha maua sasa kinakaa kabatini, pini zimehamia kwenye bilauri.

Wiki tatu baadaye Mama Mdogo alinipigia. Zahanati walimpima Bibi presha, ikasoma 146 kwa 88. Mara ya mwisho ilikuwa 158 kwa 94. Muuguzi aliwaambia wasisherehekee kwa kipimo kimoja, dawa ziendelee kama kawaida na arudi mwezi ujao. Ni ushauri sahihi, nami nauandika hapa kama ulivyo. Chumvi ya nyumba imefika gramu 32 kwa siku.

Nikamuuliza kama Bibi bado analalamika. Akasema analalamika kila siku, lakini sasa analalamika kwamba Mama Mdogo hajui kukata kijiko. Anamwamsha asubuhi wakapime wote wawili, mkono wa kushoto umeshika kijiko, wa kulia umeshika kisu.